Kivuli Kisicho na Uso: Umbo na Rangi katika Taswira za Tahadhari ya Maradhi, kutoka Vugiri hadi Bwera

Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha kwamba mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyelazwa wilayani Kasese alikuwa na virusi vya Ebola. Familia yake ilikuwa imerejea kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako ilimuuguza na kumzika babu. Mtoto alipelekwa kwanza Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa katika kituo cha matibabu ya Ebola huko Bwera. Siku iliyofuata nyanya yake na mdogo wake wa miaka 3 nao walithibitishwa kuambukizwa, na wote watatu wakafariki. Ugonjwa haukuenea upande wa Uganda. Tangu Novemba 2018 nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuwachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuonekana. Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa nyingine: mlipuko uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 haukutangazwa kwisha hadi 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287.

Habari za chanjo, za vipimo vya joto la mwili na za ndoo za maji yenye klorini mpakani zimeandikwa vya kutosha, na zinastahili. Makala haya yanashughulikia jambo ambalo taarifa za utekelezaji hulipitia kwa haraka, nalo ni lile analoliona mwananchi pale serikali inapomjia na tahadhari. Anaona nani? Umbo gani, la rangi gani, na umbo hilo linamwambia nini kabla neno lolote halijasemwa? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kwa takribani karne moja wachoraji, watengenezaji filamu na maofisa wa afya katika Afrika ya Mashariki wamekuwa wakilieleza tatizo la taswira zao kama udhaifu wa jicho la mtazamaji. Historia inaonyesha vinginevyo. Pale taswira ziliposhindwa, mara nyingi jicho lilikuwa limeona vyema kabisa. Kilichokosekana ni mtu ndani ya umbo.

Bwera ni mahali pafaapo kuliangalia suala hili. Mji huo umekaribiana na Mpondwe, kivuko cha mpakani chenye soko la Jumanne na Ijumaa linalovusha maelfu ya watu kati ya Uganda na Kasindi upande wa Kongo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu wa lugha na wa damu. Wanaoana, wanazikana, wanakopeshana. Mto Lubiriha unaotenganisha dola mbili hautenganishi ukoo. Kwa sababu hiyo bango lililobandikwa Mpondwe husomwa na mtu ambaye jana alikuwa Kasindi na kesho atakuwa Kasese, na kila taswira anayokutana nayo anailinganisha na nyingine alizoziona ng'ambo.

Kanuni ya wachoraji

Wasanifu wa wahusika wa filamu za katuni na michezo ya kompyuta wana jaribio moja la kale. Mhusika akiisha kuchorwa, hupakwa weusi mtupu, mwili mzima, macho na nguo vikipotea. Ikiwa mtazamaji bado anamtambua ni nani na anafanya nini, mchoro umefaulu. Asipotambua, mapambo yote ya ndani ni bure. Katika makala haya umbo hilo lililotiwa weusi tunaliita kivuli, kwa kuwa Kiswahili hakina neno jingine lililozoeleka, na kwa kuwa neno hilo lina faida ambayo itaonekana mbele: kivuli katika matumizi ya kale ni pia mzuka, mtu aliyebakiwa na umbo tu.

Kanuni hii haikuzaliwa darasani bali katika shida ya kazi. Wachoraji wa studio ya Walt Disney katika enzi ya filamu zisizo na rangi walikuwa na mhusika, Mickey Mouse, mwenye mwili mweusi, mikono myeusi na viganja vyeusi. Mkono ukipita mbele ya kifua, ulipotea. Ikawabidi kila tendo walipeleke pembeni mwa mwili ili lionekane katika kivuli. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi katika studio hiyo kwa miongo mingi, walilieleza somo hilo katika kitabu chao cha mwaka 1981 kama mojawapo ya misingi ya sanaa yao. Studio hiyohiyo, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ilitengeneza filamu za afya kwa ajili ya Amerika ya Kusini. Ile ya malaria ya mwaka 1943 iliwatumia vibeti saba, wahusika ambao watazamaji walikwisha kuwajua kwa vivuli vyao. Kwa hiyo uchoraji wa wahusika na elimu ya afya si taaluma mbili zilizokutanishwa hapa kwa kulazimisha.

Baada ya kivuli huja maumbo ya msingi: duara huhesabiwa kuwa pole, mraba kuwa thabiti, pembetatu kuwa kali au ya hatari. Mwisho huja rangi. Vitabu vya mafunzo huyafundisha haya kana kwamba ni sheria za maumbile. Katika Kasese ni halali kuyatilia shaka. Pembetatu kubwa kuliko zote machoni pa Mkonzo ni Rwenzori, mlima ambao theluji yake, nzururu, imelipa jina la Rwenzururu, na ambao katika imani ya jadi ni makao ya Kithasamba. Hapo pembetatu ni nyumbani. Pembetatu ileile, ikitiwa ukingo mwekundu na kusimamishwa kando ya barabara ya Kasese, ni onyo. Umbo moja, maana mbili, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kila moja lina mahali pake.

Kuku wa kwenye kona

Majaribio ya mwanzo ya kuwafundisha Waafrika wa Mashariki kwa wahusika wa filamu yalifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937. Mradi ule ulifadhiliwa na Shirika la Carnegie la Marekani na kusimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliouendesha walitoa kitabu juu yake mwaka 1937. Zilitengenezwa filamu fupi 35, nyingine za kilimo, nyingine za akiba ya posta, nyingine za afya, ikiwamo moja ya safura, na zilionyeshwa katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers aliamini kuwa mtazamaji wa Kiafrika anahitaji filamu za mwendo wa pole, zisizo na ujanja wa kamera wala kukatisha tukio moja kwa jingine. Ushahidi uliorudiwa mara nyingi katika duru hizo ni kisa cha watazamaji walioonyeshwa mdudu aliyekuzwa akajaa kitambaa chote, wakapumua kwa nafuu kwamba kwao wadudu si wakubwa kiasi hicho.

Kisa hicho kimewachekesha wengi. Mtu aliyezoea utani wa vijijini atajiuliza ni nani hasa aliyekuwa akichekwa.

Kisa cha pili kina uzito zaidi, na kimeandikwa kwa utaratibu. John Wilson wa Chuo Kikuu cha London alieleza, na Marshall McLuhan akakieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962, jinsi mkaguzi wa afya alivyotengeneza filamu ya dakika tano ya kuwafundisha wanakijiji kuondoa maji yaliyotuama. Kila kitu kilitendwa taratibu: mhusika aliokota makopo, akayamwaga, akayafukia. Baada ya onyesho watazamaji thelathini na kitu waliulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kama filamu yao ina kuku. Wakaipitia fremu kwa fremu, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku alikurupuka akapita kona ya chini.

Wilson alihitimisha kwamba watazamaji hawakuwa na mazoea ya kuitazama picha kwa ukamilifu wake. Walichunguza sehemu moja moja. Hitimisho hilo limeshika mizizi katika maandishi ya mawasiliano ya maendeleo. Lakini tuyasome matukio kwa jicho la mchoraji. Katika filamu nzima mhusika mkuu anatembea polepole kwa makusudi, bila haraka, bila hofu, bila sababu ya dhahiri ya kuokota makopo ya watu. Kivuli chake hakimwambii mtazamaji kwamba ni jirani, ofisa au mwendawazimu. Kuku peke yake ndiye aliyekuwa na kivuli kinachotambulika mara moja na tendo lenye sababu: ameshtuliwa, amekimbia. Watazamaji walimwona kiumbe pekee aliyeeleweka. Aliyefeli jaribio ni mtengenezaji, ambaye hakuiona hata picha yake mwenyewe.

Mwelekeo huohuo uliendelea katika saikolojia. Mwaka 1960 William Hudson wa Afrika ya Kusini alichapisha utafiti uliotumia mchoro wa mwindaji, swala na tembo kupima iwapo wafanyakazi wa Kiafrika wanaiona kina cha picha. Maswali ya aina hiyo yalifaa viwanda na migodi, ambako mabango ya usalama yalihitajika. Kasese yenyewe ilikuwa mji wa namna hiyo: reli iliufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mwaka 1976 Diana Fussell na Ane Haaland, wakifanya kazi vijijini Nepal, walilipeleka swali mahali pengine. Badala ya kupima watu, walipima michoro: picha za kamera, vivuli vitupu, mistari, michoro iliyorahisishwa, na ile yenye ngazi tatu za kijivu. Michoro yenye ngazi tatu, iliyoonyesha uso na mikunjo ya nguo, ilitambuliwa kuliko nyingine. Ile iliyorahisishwa sana ikawa ya mwisho. Yaani usahili ambao wataalamu wa mjini waliudhani kuwa msaada kwa mwanakijiji ulikuwa mzigo.

Inafaa kukumbushana kwamba mpiga kura wa Uganda asiyejua kusoma huaminiwa kuchagua rais kwa kutazama alama ndogo ndani ya kisanduku: basi, ufunguo, mwavuli. Hakuna tume iliyowahi kudai kwamba jicho lake haliwezi. Shaka juu ya jicho hilo huibuka tu linapokuja bango la afya.

Ugonjwa ulioitwa kwa umbo

Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliandika katika jarida la The Lancet juu ya ugonjwa mpya kusini-magharibi mwa Uganda, uliokuwa ukijulikana na wenyeji kwa jina la Slim, ambalo Waganda walilitamka silimu. Wembamba: ugonjwa ulipewa jina la kivuli chake. Ni mfano nadra wa jamii nzima kufanya kazi ya msanifu wa wahusika, kuuvua ugonjwa mambo yote ya ndani na kubakiza mzingo wa mwili.

Kivuli hicho kilitambulika upesi, na hapo ndipo hatari yake ilipokuwa. Mwili mwembamba ukawa ushahidi. Mwili mnene ukawa kinga. Mtu mwenye kifua kikuu alitazamwa kwa jicho baya, na kijana mwenye afya njema machoni, aliyekuwa na virusi kwa miaka kadhaa bila dalili, hakutiliwa shaka na yeyote. Kila mchoro wa mgonjwa aliyekonda uliobandikwa ukutani ulirudia kosa hilo hata pale maandishi ya chini yake yaliposema kweli.

Kilichovunja kivuli hicho hakikuwa mchoro bora zaidi. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden na anayependwa Uganda nzima, alirudi nyumbani na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Alikuwa Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo. Alizunguka mashuleni na makanisani akijionyesha mwenyewe, akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Wengi walidhani mwanzoni kwamba anadanganya, maana hakuwa na umbo la ugonjwa. Kutoaminiwa huko ndiko kulikokuwa somo. Uso unaojulikana uliingia mahali pa kivuli, na kila aliyemwona alilazimika kuacha kupima watu kwa mizani ya macho. Mwanahistoria hawezi kugawa sifa za kupungua kwa maambukizi Uganda kati ya Lutaaya, TASO iliyoanzishwa mwaka 1987, ngoma za redioni na wito wa kutulia na mwenzi mmoja. Lakini katika historia ya taswira, tukio la Lutaaya ni mpaka: kabla yake, ugonjwa ulikuwa na umbo, baada yake, ulikuwa na mtu.

Matete mawili mlangoni

Ebola ilipofika Gulu mwaka 2000, ikaambukiza watu 425 na kuua 224, mafunzo hayo ya UKIMWI hayakuhamishwa. Jambo la kuzingatiwa ni kile ambacho Waacholi wenyewe walikuwa nacho. Barry Hewlett na Richard Amola walieleza mwaka 2003 utaratibu wa gemo, jina la pigo linalokuja kama upepo na kuua wengi. Gemo ikitambuliwa, mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo umbali usiopungua mita 100 kutoka nyingine, huhudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona, na matete mawili marefu husimamishwa mlangoni, moja kila upande.

Alama hiyo inastahili kuwekwa mbele ya kila mtaalamu wa mabango. Inaonekana kwa mbali, hata jioni, kwa kuwa ni mistari miwili ya wima penye paa la mviringo. Haihitaji rangi. Haimchori mgonjwa, wala haimgeuzi kuwa kitisho. Inakiweka alama mahali, si mtu. Na anayepita kati ya matete yale kuingia ndani ni mwanajamii mwenye jina, ambaye mgonjwa anamjua kwa sura. Miaka saba baadaye, mlipuko wa Bundibugyo ulileta virusi hivyo hadi upande wa pili wa Rwenzori, kwa majirani wa Kasese. Mavazi yaliyofika nao yalikuwa yaleyale ya Gulu.

Mavazi

Tuyatazame sasa mavazi hayo kama mchoraji anavyomtazama mhusika. Suti ya kufunika mwili wote, nyeupe au ya manjano, aproni hadi magotini, glavu mbili, buti za mpira, kofia inayoteremka hadi mabegani, barakoa, na miwani mipana inayong'aa. Tukikipaka kivuli chake weusi, hakuna shingo. Hakuna kiuno, hivyo hakuna mwanamume wala mwanamke. Hakuna nywele, kilemba wala hijabu, hivyo hakuna umri wala dini. Vidole vimenenepa. Hatua ni nzito, kwa sababu aliyemo ndani anaungua na joto na amekatazwa kufanya haraka. Kwa jaribio la wasanifu, mhusika huyu amefaulu vizuri kupita kiasi: anatambulika kutoka mbali na hafanani na mwingine. Tatizo ni kwamba anatambulika kama kitu kisicho mtu. Mzee wa Kiswahili angesema ni kivuli, kwa ile maana ya pili.

Maelezo ya kawaida ya hofu ya wagonjwa huelekeza lawama kwenye rangi: nyeupe ni rangi ya sanda. Maelezo haya ni mepesi mno. Nyeupe ni pia rangi ya kanzu, na katika Uganda sherehe nyingi za posa huwa na kanzu. Ni rangi ya koti la daktari, ya gauni la bi harusi, ya watoto wa kipaimara. Rangi haiogopeshi ikiwa peke yake. Kanzu huacha wazi uso, viganja na nyayo. Ni nyeupe inayomzunguka mtu anayeonekana. Sanda hufunika vyote. Ni nyeupe iliyomfunga mtu asionekane tena. Suti ya Ebola iko upande wa sanda kwa sababu ya umbo lake, na ingekuwa upande huohuo hata kama ingeshonwa kwa kitambaa cha samawati. Mipango inayotumia fedha kubadilisha rangi ya mavazi huku ikiacha uso umefichwa imeshika mkia badala ya kichwa.

Hapa ni lazima kusema wazi jambo moja ili hoja isivutwe kupita urefu wake. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivyoshambuliwa Februari 2019 havikushambuliwa kwa sababu ya nguo. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wamenyimwa kupiga kura katika uchaguzi wa Desemba 2018 kwa kisingizio cha ugonjwa, baada ya miaka mingi ya mauaji ambayo hakuna msafara wa magari uliokuja kuyazuia. Mavazi hayakuizaa chuki hiyo. Yaliipa umbo. Mtu ambaye hana imani na wageni, akiwaona wageni hao hawana nyuso, hupata picha iliyo tayari ya kile alichokuwa akikishuku. Na mtu huyo ana shangazi Bwera.

Majibu mawili yamekwisha kujaribiwa, na yote mawili ni ya umbo kabla ya kuwa ya rangi. La kwanza ni la Mary Beth Heffernan, msanii wa Marekani, ambaye mwaka 2015 alikwenda Liberia akawapiga picha wahudumu wakiwa wanatabasamu, akazichapa kwenye karatasi za kunata, na wao wakazibandika vifuani juu ya suti. Kivuli kilibaki kilekile, lakini sasa kilikuwa na dirisha. La pili ni chumba cha matibabu chenye kuta za plastiki angavu kiitwacho CUBE, kilichobuniwa na shirika la ALIMA na kutumika Beni mwaka 2018. Muuguzi husimama nje ya ukuta na kumhudumia mgonjwa kwa kupitisha mikono katika glavu zilizoshonewa ukutani. Uso wake huonekana, na ndugu za mgonjwa nao huweza kusimama nje wakamwona jamaa yao. Kutoka Beni hadi Bwera ni safari ya barabara ambayo wafanyabiashara huifanya kila wiki.

Rangi za Kasese

Imebaki karatasi ya ukutani, ambayo ndiyo fungu kubwa la bajeti za mawasiliano. Mabango mengi ya dharura huletwa yakiwa yamekwisha kusanifiwa katika makao makuu, kisha maneno hutafsiriwa. Lugha hubadilishwa, mhusika habadilishwi. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, tumefurahi, na kwa haki, kuona Kiswahili kikitarajiwa zaidi katika matangazo ya mpakani, ambako kinawahudumia wa pande zote mbili. Lakini Kiswahili kikiwekwa chini ya mhusika mwenye kivuli cha mtu wa pahali pengine huwa ni maneno yanayotoka kwenye kinywa kisicho chake.

Rangi nazo zina siasa ambazo chati za rangi hazizitaji. Manjano Uganda ni ya chama tawala. Samawati ni ya FDC, chama ambacho wilaya ya Kasese imewahi kukiunga mkono kwa nguvu. Nyekundu, tangu mwaka 2020, ni ya NUP. Kijani ni ya DP. Mchoraji anayeteua manjano kwa sababu amefundishwa kuwa ni rangi ya tahadhari, akaipaka fulana ya mhusika wake miezi michache kabla ya uchaguzi, amekwisha kumwandikisha mhusika huyo katika chama. Mtu atakayepita mbele ya bango hilo bila kulisoma hana tatizo la kusoma picha. Ameisoma kwa ukamilifu.

Kiswahili chenyewe kinatoa kidokezo. Vivumishi vya rangi vyenye mashina halisi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tunazitaja kwa kuazima vitu: kijani kwa jani, manjano kwa bizari, kahawia kwa kahawa. Lugha yetu haiitenganishi rangi na kitu chenye rangi hiyo. Mtafiti anayewauliza watu wa Bwera manjano humaanisha nini kwao anauliza swali lisilo na jibu. Amwonyeshe mtu kitu cha manjano, ndipo aulize.

Kwa washauri wa sera, mambo yanayofuata kutokana na historia hii si ya gharama kubwa. Kabla bango halijachapwa kwa maelfu, mhusika wake apakwe weusi mtupu, na kivuli hicho kipelekwe soko la Mpondwe siku ya Jumanne, waulizwe wauza samaki na vijana wa bodaboda: huyu ni nani, anafanya nini, ungemfungulia mlango? Swali la tatu ndilo linalokosekana katika fomu nyingi za upimaji, na halipimi jicho la anayejibu. Kazi ya kuchora itolewe kwa malipo kwa wachoraji wa Kasese na wa Kasindi kwa pamoja, wale wanaochora mabango ya vinyozi na maduka, kwa sababu wao hujua kwamba mteja hutambua duka kabla ya kusoma jina. Waliopona, kwa ruhusa yao na bila kushurutishwa, wawe ndio wahusika, kama alivyokuwa Lutaaya na kama ilivyo desturi ya gemo.

Na katika orodha ya vifaa vya dharura vinavyohifadhiwa kwa ajili ya wilaya za mpakani, pembeni ya suti na klorini, iongezwe kamera, printa na karatasi za kunata. Picha ya mhudumu hupigwa siku ya mafunzo, kabla ya mgonjwa wa kwanza, wakati bado kuna nafasi ya kumwambia atabasamu. Jina lake liandikwe chini yake kwa herufi kubwa, kwa Lukonzo au Kiswahili, na lile ambalo majirani humwita.